Baba ni mgonjwa, na kila akifariki mtu maarufu anataka kuzungumzia kifo chake mwenyewe. Tumfiche habari au tukae naye?

Binti Bondei
Habari za jioni wapendwa. Naomba ushauri kwa waliopitia jambo hili, maana nyumbani tumeshagawanyika.

Baba yetu ana miaka sabini na kitu, mtu wa Muheza, ila kwa sasa tunaye hapa Dar kwa ajili ya matibabu. Figo zimefeli, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Akili yake iko timamu kabisa na redio haimtoki mkononi.

Sasa akifariki mtu maarufu, anaufuatilia msiba wote, kuanzia tangazo mpaka kaburini. Alipofariki King Kikii, mwanamuziki wa dansi, Novemba 2024 ndipo mambo yakawa mazito. Baba kacheza dansi ujana wake wote, yule mzee kwake alikuwa kama mtu wa rika lake. Akazima redio, akaniita, akasema: "Mimi mnizike Muheza, pembeni ya mama yangu. Msinizungushe." Akaanza kutaja anaowadai na wanaomdai, na shamba la michungwa nani alisimamie. Mama akamkatisha: "Baba watoto, acha uchuro humu ndani!" Baba akanyamaza hadi kesho yake.

Tangu siku hiyo kaka zangu wanataka redio iondolewe, na wageni waonywe wasitaje habari za vifo. Kinachowatisha zaidi ni kwamba Ruge Mutahaba, yule bosi wa Clouds Media aliyefariki 2019 Afrika Kusini, naye alisumbuliwa na figo, na baba anamtaja sana. Husema, "Yule alikuwa na uwezo na watu wa kumhangaikia, na siku ilipofika ilifika."

Mimi nasita, kwa sababu nimemwona baba kwenye misiba hii tangu zamani. Kanumba, yule mwigizaji wa filamu, alipofariki Aprili 2012, watu wamefurika viwanja vya Leaders, wengine wanazimia, sisi macho yote kwa mastaa waliovaa miwani nyeusi. Baba aliuliza kitu kimoja tu: "Hawa wakishaondoka, nani atabaki na mama yake?" Wiki ileile akampelekea mchele mjane mmoja pale kijijini, ambaye arobaini ya mumewe ilishapita na hakuna aliyekuwa akibisha hodi tena. Na baada ya King Kikii, aliniambia nimpigie simu jirani wa shambani waliyenuniana kwa ajili ya mpaka. Waliongea mpaka salio likaisha.

Nikimnyang'anya redio, nahisi namnyang'anya na hayo. Tufanyeje? Na mama tumwambieje?

Kijana wa Tabata
Pole sana dada. Mimi nipo upande wa kaka zako. Mgonjwa anatakiwa kutiwa moyo, siyo kukaa na matanga ya redioni kutwa. Halafu habari zenyewe nyingine ni uzushi. Mzee Majuto, yule mchekeshaji, alizushiwa kifo akiwa bado hai, kabla hajafariki kweli Agosti 2018 pale Muhimbili. Fikiria mgonjwa mwenzake anavyolipokea jambo kama lile. Mwekeeni mpira, mwekeeni kaswida.

Sista wa Zamu
Binti Bondei, nafanya kazi kitengo cha kusafisha damu, hospitali siitaji. Nikwambie tunachokiona.

Wagonjwa wetu wanakaa kwenye mashine kwa muda wa kama saa nne kila wanapokuja, siku zilezile, na watu walewale. Wanajuana majina, wanajua mtoto wa nani kafaulu, nani kaletewa uji na mkwe. Siku kiti cha jirani kikiwa kitupu hawaulizi. Wanamtazama nesi usoni, basi. Kwa hiyo kaka zako wakificha redio, hawajamficha mzee kitu. Pengine anamtaja King Kikii kwa sababu hawezi kumtaja mwenzake wa kiti cha pembeni bila nyinyi kuogopa.

Nimeshanong'onezwa maneno ya mwisho na wazee wengi ambao watoto wao waliwakatisha: deni la fulani, hati iko wapi. Mimi si ndugu, nitayapeleka wapi? Baadaye unasikia familia inavutana maiti ipelekwe wapi.

Cha kuangalia ni hiki: akiacha kula, halali, au anagoma kuja kusafishwa, mwambieni daktari haraka. Hiyo ni huzuni nyingine, nayo inatibika. Ila mzee anayetaka kupatana na jirani yake hajakata tamaa.

Abu Likoni
Dadangu, pole kwa uguzi. Sijui dini yenu, lakini kwetu Waislamu hadithi iko wazi: mwenye jambo la kuusia asilale siku mbili ila wosia wake umeandikwa. Na haikusema mgonjwa, ni kila mtu. Alichotaka babako kusema kuhusu madeni ni haki za watu, zinalipwa kabla urithi haujagawanywa. Anayemkatisha hapo anamzuia kutua mzigo. Mwambie mamako hivyo, kwa adabu.

Mzawa wa Muheza
Mimi ni wa hukohuko kwenu. Novemba 2012 Sharo Milionea, yule msanii wa vichekesho, alipopata ajali na kufariki pale wilayani kwetu, wapo waliofika na badala ya kumsitiri wakamwibia vitu vyake. Aibu ile ilituuma sana. Wazee hawakuzungumza habari za umaarufu wake hata kidogo, walikuwa wanauliza tu: huyu angekuwa mwanao? Baba yako ametoka kwenye wazee wa aina hiyo. Msikilizeni.

Ombi langu moja: zile picha za maiti zinazozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp zisimfikie. Habari asikie, picha hapana. Mnaozituma humu pia, fikirieni watoto wa marehemu wanazikuta simuni.

Karani Mstaafu
Kwa upande wa maandishi: wosia ushuhudiwe na watu wasiopungua wawili wanaomfahamu, na asiwe shahidi anayerithi. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanasaidia kuuandika na kuutunza.

Binti Bondei
Asanteni mno. Sista, umenitoa machozi. Sisi ni Waislamu, Abu Likoni. Kaka mkubwa nimemsomesha uzi huu, amekubali redio ibaki. Aliyebaki ni mama. Ukigusa jambo hili anatoka nje.

Mama wa Ilala
Mwanangu, mama yako haogopi uchuro. Anaogopa kubaki peke yake. Mimi nimefiwa na mume, najua. Usimkalishe kikao na wanaume wote wale. Kaa naye jikoni mkichambua mchele, umuulize yeye anahofia nini, na kodi na chakula vitakuwaje. Akishapata jibu la hayo, ataweza kumsikiliza mumewe. Na kama kuna shangazi Muheza anayeelewana naye, aje alale siku mbili tatu.

Sista wa Zamu
Naunga mkono. Nyongeza tu: siku ya kusafishwa damu msimguse mzee kwa mazungumzo haya, anarudi hoi. Chagueni siku ya katikati, asubuhi baada ya chai. Anzeni na madeni na shamba, habari za kaburi azilete mwenyewe.