Mwongozo wa mazingira kwa kijiji cha mlimani, Mpwapwa: uanze na nini?

Mjumbe_Kamati: Wakuu, kamati yetu chini ya milima ya Kiboriani inaandaa mwongozo kwa wakazi. Tuanze na lipi?

BwanaShamba: Karatasi moja, pande mbili, michoro mingi. Makinga maji kwanza. Pima kontua (mstari wa usawa mmoja kwenye mteremko) kwa fremu yenye umbo la A: miti miwili ya mita 2, upau wa katikati, kamba na jiwe. Chimba mtaro wa sentimita 60 kwa 60, udongo utupe upande wa juu, panda matete juu ya tuta. Wengi hukadiria kwa macho. Maji yanajikusanya palipoinama, tuta linapasuka, na mvua moja ya Januari inaacha korongo.

KisikiHai: Miche msiikimbilie, kiangazi chetu kinaimaliza. Tafuteni visiki vyenye uhai. Acha machipukizi 3 hadi 5 yaliyonyooka, pogoa matawi ya chini hadi nusu ya urefu wa shina, si zaidi, la sivyo shina linalegea na kupinda. Funga kitambaa ili wachungaji waone.

Mjumbe_Kamati: Na mbuzi je?

BwanaShamba: Hapo pagumu. Kondoa mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka. Majani yalirudi, ila wafugaji waliumia. Bora kutenga malisho kwa zamu.

Mzee_wa_Sheria: Shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu chanzo cha maji zisifanyike ndani ya mita 60 kutoka hapo, ndivyo isemavyo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Na faini msiiandike kwenye mwongozo mtupu: inahitaji sheria ndogo, ijadiliwe mkutano mkuu wa kijiji, kisha halmashauri ya wilaya iidhinishe.