Kumpa fundi mfarishi wa vitenge aupitishie cherehani: nianzie wapi?

Mama_Nyakato aliuliza:

Habari za leo, ndugu zangu. Marehemu mama yangu alikuwa fundi cherehani, na alipotutoka alituachia mfuko wa salfeti uliojaa vipande vya vitenge na kanga vilivyobaki katika nguo alizowashonea majirani zetu hapa Nyakato kwa zaidi ya miaka 20. Nimekata humo miraba 168 na kuiunga kwa cherehani yake ileile ya miguu, safu 14 zenye miraba 12 kila moja, hata nikapata uso, yaani tabaka la juu, wa mfarishi (tandiko nene la kitanda la matabaka matatu) wenye upana wa sentimita 192 na urefu wa sentimita 224.

Uso huo umekaa kabatini tangu Pasaka, kwa sababu hatua iliyobaki imenishinda. Natakiwa kuushikanisha na pamba ya katikati na bitana ya chini kwa mishono inayopenya matabaka yote matatu. Nilijaribu kwenye kona moja, lakini nilipoukunja ili upite chini ya mkono wa cherehani, nafasi haikutosha, na mistari ikatoka imepinda. Jirani amenishauri nimpelekee fundi wa makochi na viti vya magari, kwa kuwa cherehani zao ni kubwa na hazishindwi na kitu kinene.

Naomba kujua kwa aliyewahi kufanya hivyo: niandae nini kabla ya kuupeleka, na tukubaliane nini na fundi? Pia kuna jambo linalonikosesha raha. Nikiukabidhi kwa mtu asiyemjua mama, nitaweza kweli kumwambia binti yangu siku ya harusi yake kwamba mfarishi huu umeshonwa na bibi yake na mimi?

Binti_wa_Nansio alijibu:

Pole kwa msiba, Mama, na hongera kwa kazi hiyo. Nakusihi usikimbilie kuukabidhi kama nilivyofanya mimi. Wangu niliupeleka kwa fundi mmoja wa mjini, nikamwachia kila kitu na kurudi Ukerewe kwa meli bila kukubaliana naye lolote zaidi ya bei. Alikuwa fundi mzuri wa sare za shule, lakini cherehani yake ilikuwa ya kawaida, ambayo meno yake huvuta kitambaa cha chini tu, huku cha juu kikibaki nyuma kidogo kwa kila mshono. Nilipougeuza nikakuta bitana imeshonewa makunjo makunjo, na uzi aliotumia ulikuwa mweupe na mnene, kwa sababu ndio aliokuwa nao siku hiyo. Nilitumia wiki tatu kufumua, na baadhi ya matundu ya sindano hayajafunga hadi leo.

Kosa jingine lilikuwa langu mwenyewe. Sikuwa nimejaribu rangi. Kanga moja nyekundu ilichuja mara ya kwanza nilipoufua, ikatia uwaridi kwenye miraba yote myeupe iliyoizunguka. Kwa kuwa vipande vyako vimekwisha kuungwa, lowesha kitambaa cheupe, kikandamize kwa nguvu juu ya kila mraba wenye rangi nzito, kisha ukitazame. Ukikuta kimeshika rangi, bandua mraba huo sasa, kwa maana baada ya mishono ya juu kupigwa kuubandua ni kazi kubwa sana.

Fundi_Kirumba alijibu:

Shikamoo, Mama. Mimi ni fundi wa makochi, na mifarishi ya namna hii nimeshona michache, kwa hiyo nitaeleza kwa upande wa anayeipokea kazi.

Jirani yako yuko sahihi kuhusu cherehani, ila si kwa sababu ya ukubwa peke yake. Cherehani nyingi za makochi zina mguu unaotembea pamoja na kitambaa, yaani tabaka la juu na la chini huvutwa kwa mwendo mmoja, na hilo ndilo linalozuia makunjo aliyoyapata dada wa Nansio. Muulize fundi wako kama yake ni ya aina hiyo, na umwombe akuoneshe kwenye kipande kabla hujatoa mfarishi wako kwenye mfuko. Marekani wapo mafundi ambao kazi yao ni hii tu, na mashine zao ni tofauti na zetu: matabaka matatu huvingirishwa kwenye mabomba marefu, kitambaa kikatulia, na kichwa cha mashine ndicho kinachotembea juu yake kikichora maua na mawimbi. Sisi tunausukuma mfarishi wote chini ya sindano, uzito wake ukining'inia pembeni. Kwa sababu hiyo, usimwombe fundi wa makochi maua. Omba mistari iliyonyooka, ama inayofuata maungio ya miraba, ama inayokatiza kutoka pembe hadi pembe. Mimi napendelea ya pembe kwa pembe, kwa kuwa mstari unaopita karibu sana na maungio huonesha kila mahali palipokwenda upande.

Bitana iwe kubwa kuliko uso kwa sentimita 10 kila upande, kwa maana matabaka husogea wakati wa kushona na fundi anahitaji mahali pa kushika. Kwa vipimo vyako hiyo ni sentimita 212 kwa 244. Kitenge kizima cha yadi 6, chenye upana wa sentimita 115 hivi, kinatosha: kikate vipande viwili vya sentimita 244, uviunge ubavu kwa ubavu, na kitabaki kidogo cha pindo. Kifue kwanza, ili kitoe dawa ya kiwandani na kurudi (kusinyaa) kama ni cha kurudi.

Kuhusu pamba, najua sisi wa Kanda ya Ziwa tunaishi jirani na vinu vya kuchambua pamba, na wateja wengine huniletea pamba ya kinu kwenye kiroba. Pamba ya namna hiyo haijashikana, kwa hiyo baada ya kufuliwa mara chache hukimbilia kwenye kona na kufanya mabonge, isipokuwa mishono iwe karibu sana, kama vidole vinne hivi. Nunua ile ya poliesta inayouzwa kwa mita, inayotiwa ndani ya majaketi, na uchague nyembamba. Blanketi jepesi lililokwisha kufuliwa mara nyingi nalo hufaa, na kwa joto la Mwanza mimi ningechagua hilo.

Uzi uje nao wewe mwenyewe. Sisi tunatumia uzi wa nailoni na sindano nene, na vyote viwili ni vikali mno kwa kitenge kilichokaa mfukoni miaka 20. Sema wazi kwamba unataka uzi wa kawaida wa nguo na sindano namba 14, au 16 kama matabaka ni mazito. Kisha ukae wewe na binti yako, mtandike bitana sakafuni uso wake ukitazama chini, mweke pamba, mweke uso wa mfarishi, na mpige bandi (mishono mirefu ya muda) kuanzia katikati kwenda nje, mistari ikiachana kwa upana wa kiganja. Kabla ya hapo piga pasi, na ukate nyuzi zote zinazoning'inia nyuma, kwa sababu uzi mweusi uliosahauliwa chini ya mraba mweupe utaonekana siku zote. Mfarishi uliopigwa bandi vizuri humaliza nusu ya kazi yangu, na ule uliokuja na pini tano huwa naurudisha.

Bibi_Kashai alijibu:

Nakuandikia kutoka Bukoba, mwanangu. Wenzangu wamemaliza habari za uzi na sindano, nami nitajibu swali lako la mwisho, kwa sababu nimelifikiria muda mrefu katika kazi yangu mwenyewe.

Kugawana kazi ya mfarishi ni jambo la zamani. Kaskazini mwa Uingereza, katika kijiji cha Allenheads, walikuwako watu ambao riziki yao ilikuwa kuchora michoro kwa penseli ya buluu juu ya nyuso za mifarishi ya watu wengine, kisha wenye mifarishi wakaenda kuishona majumbani mwao. Hata cherehani ilibishaniwa sana huko Marekani, wengi wakisema kwamba mfarishi usioshonwa kwa mkono si mfarishi, mpaka mwaka 1989, katika maonesho makubwa ya Paducah, Kentucky, Caryl Bryer Fallert alipopata tuzo ya juu kabisa kwa mfarishi alioushona wote kwa mashine. Siku hizi, huko kwao, anayeuunga na anayeupitishia mishono wakiwa watu wawili, majina yote mawili huandikwa kwenye kipande cha kitambaa kinachoshonewa nyuma.

Ufanye hivyo nawe. Tarizi kwa mkono wako jina la mama aliyekusanya vitambaa, jina lako uliyeviunga, jina la fundi aliyevishikanisha, na mwaka. Binti yako akiusoma, ataujua ukweli wote. Na pindo la mwisho lishone wewe, kwa mkono, hata kama fundi amejitolea kulimaliza.

Mama_Nyakato aliandika:

Asanteni sana, nyote. Jana nimejaribu rangi kama nilivyoelekezwa, na miraba minne ya kanga ya zambarau imechuja, kwa hiyo nitaibandua na kuweka mingine kutoka mfukoni. Bitana nitainunua Makoroboi mwisho wa wiki, na blanketi jepesi ninalo. Mistari iwe ya pembe kwa pembe. Fundi wa Kirumba, kama unapokea kazi mpya, ningependa uishike wewe, ila naomba kwanza nilete kipande cha majaribio cha sentimita 40 kwa 40 chenye matabaka hayohayo.

Fundi_Kirumba alijibu:

Napokea, Mama, na hicho kipande ningekuomba hata usingesema. Ukikipenda, tutapanga mfarishi wenyewe uje asubuhi mapema na bandi zake zote, kabla sijaanza kukata sponji na kupaka gundi, kwa maana baada ya hapo meza yangu haifai tena kuwekewa kitu kama hicho. Uje ukae pale nikishona mistari ya kwanza ya katikati, na ukiona jambo lisilokupendeza uniambie hapohapo tusimame.