Betri ya Demio yenye i-stop: moja laki nne kasoro, nyingine laki mbili na kumi, nichukue ipi?

Mwenye Demio, Kimara

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada wa haraka kidogo maana kesho kutwa nina safari ya Morogoro. Nina Mazda Demio ya 2015, ya petroli, ile yenye i-stop, yaani injini inajizima ukisimama kwenye foleni na kuwaka ukitaka kuondoka, niliinunua imetoka Japani miaka mitatu iliyopita na betri ni ile ile iliyokuja nayo, sijawahi kuigusa. Tangu mwezi wa tatu i-stop iliacha kufanya kazi, nikisimama kwenye taa injini haizimi, nikaona poa tu maana hata sikuwa naipenda. Sasa wiki hii asubuhi nikipiga selfu inajivuta, inahangaika ndo inawaka, na juzi imegoma kabisa pale kazini mpaka mlinzi akanisaidia tukabusti na gari la jirani.

Nimeenda Kariakoo, duka la kwanza wakanipa betri imeandikwa Q-85, laki nne kasoro kidogo. Nikatoka, maduka matatu mbele kijana akanipa nyingine imeandikwa 55D23L, urefu ule ule upana ule ule, laki mbili na kumi, anasema betri ni betri, volti 12 ni volti 12, ile nyingine unalipia jina tu. Mfukoni nina laki mbili na nusu mpaka mshahara utoke. Nichukue hii ya laki mbili? Na kuna kitu cha kuseti au nafunga tu naondoka?

Fundi umeme wa Tabata

Mkuu kabla hujatoa hata mia, pima kwanza. Tafuta multimita hata ile ya bei ndogo, gari ilale usiku kucha, asubuhi fungua boneti upime kabla hujawasha chochote. Ikisoma 12.6 betri imejaa, 12.4 imebaki kama robo tatu, ikiwa 12.0 kushuka chini hiyo imekwisha chaji. Halafu mtu akupigie selfu wewe ukiwa unaangalia namba, ikizama chini ya 9.6 wakati betri ilikuwa imejaa basi ndani imechoka. Ikishawaka angalia tena, 13.8 mpaka 14.5 altaneta iko salama. Ila hizi gari za sasa altaneta inachaji kwa amri ya kompyuta, unaweza kukuta dakika hii inasoma 12.8 na hakuna tatizo lolote, washa taa na AC upime tena. Naumia sana nikiona mtu amenunua altaneta nzima kumbe ilikuwa betri tu.

Kuhusu hizo mbili, yule kijana kwenye saizi hajakudanganya. Q ni boksi lile lile la D23, sentimita 23 na kidogo, ndo maana inaingia vizuri. Tofauti iko ndani. Q-85 ni EFB, vibao vyake vimeimarishwa vivumilie kutoa moto na kuchajiwa haraka haraka, maana gari lako likiwa na i-stop halipigi selfu mara moja asubuhi, linapiga kila taa. Foleni ya kutoka Mwenge mpaka Ubungo hesabu mwenyewe ni selfu ngapi, na muda wote injini imezima redio, feni na taa vinakula betri. Betri ya kawaida haikutengenezwa kwa maisha hayo, na joto la Dar nalo linaimaliza haraka. Na hiyo i-stop iliyoacha kufanya kazi mwezi wa tatu ndo ilikuwa inakuambia, kompyuta ikiona betri imechoka inakataa kuzima injini isije ikashindwa kuiwasha.

Angalia na herufi ya mwisho, L au R, ni upande vilipokaa vichwa vya chanya na hasi. Q-85 ambayo haina R mwishoni ni sawa na L. Ukichukua ya upande mwingine waya haufiki, na wapo wanaoulazimisha.

Axela Nyeupe

Mimi sitaki kukuficha kaka, nilifunga ya kawaida kwenye Axela yangu, na inawaka vizuri tu. Ila kila nikiwasha gari lazima nibonyeze kitufe cha i-stop kuizima, na siku wife akiliendesha anasahau. Imekaa miezi 14 ikafa, na waranti ilikuwa ya miezi 12. Ukijumlisha hiyo na ya pili niliyokuja kununua nimezidi bei ya Q-85. Kama unaweza kuazima laki na nusu kwa ndugu, azima.

Dada wa Mbezi

Naongezea kwenye malipo maana hapo ndo niliumizwa. Mwaka juzi nilibadilisha betri kwa duka moja, waranti mwaka mzima, ilipokufa mwezi wa tano nikarudi na kadi, wakaniambia kadi haina namba ya betri wala namba ya gari, tutajuaje kama ni yetu. Nikarudi nyumbani na betri langu mkononi. Kwa hiyo hakikisha wanaandika namba ya betri, namba ya gari na tarehe, wanapiga muhuri, na risiti ya EFD, ile ya mashine, unaondoka nayo. Ukilipa kwa lipa namba angalia jina linalotokea kwenye simu ni la duka, sio la kijana aliyekuhudumia. Na usilipe mpaka wameipima mbele yako, betri iliyokaa rafu mwaka mzima inashuka chaji, ikisoma 12.4 mwambie alete nyingine.

Kingine, wenye Toyota za Japani kuweni makini, ukichomoa betri redio inajifunga, inaleta maandishi ya Kijapani na kuomba namba ya siri ya kuifungua. Mwambie fundi aunganishe betri ya pembeni wakati anabadilisha umeme usikatike. Na kwenye Aqua yangu betri iko ndani chini ya kiti cha nyuma, ina kipaipu cha kutoa gesi nje, fundi alikiacha kinaning'inia. Gari likawa linanuka mayai viza, nina mtoto mchanga nyuma jamani.

Fundi umeme wa Tabata

Dada umesema jambo la maana sana hapo kwenye kipaipu.

Mkuu wa Demio, kuseti kupo. Spana namba 10, anza kutoa hasi, wakati wa kurudisha hasi iwe ya mwisho. Vichwa vikiwa na ule unga mweupe wa kijani osha kwa maji ya moto yenye magadi, kausha. Ukiwasha utaona taa za usukani na DSC, ile ya kuzuia gari kuteleza, usiogope, kunja usukani mpaka mwisho kushoto na mwisho kulia zitazima. Vioo pandisha mpaka juu ushikilie swichi kama sekunde mbili. Ila i-stop inatakiwa iambiwe kuna betri mpya, tafuta mwenye mashine ya kupimia gari akufanyie.

Mwenye Demio, Kimara

Wakuu nimerudi. Asubuhi ilisoma 11.9, kwenye selfu ikazama mpaka 8.2, ilipowaka 14.3, altaneta nzima. Nikampigia dada yangu akanirushia laki na nusu. Q-85 tumeelewana 385,000, wakatoa elfu ishirini kwa betri la zamani. Ya kwanza waliyoleta ilisoma 12.3 nikaikataa, kijana akanuna kidogo ila akaleta nyingine, 12.7. Kadi imeandikwa namba zote, risiti ninayo, taa za usukani zimezima kama fundi alivyosema, na jamaa wa mashine amenitoza elfu kumi na tano.

Jioni hii nikirudi, pale taa za Ubungo, injini imezima yenyewe, taa ya kijani ikawaka, nikaachia breki ikawaka palepale. Asanteni sana.