Mafuta ya zeituni, alizeti, nazi au samaki: yapi yanamfaa mbwa anayekula ugali?

mlinzi_kibaha:
Wakuu, habari zenu. Mbwa ni dume, chotara wa German Shepherd, miaka 4, kilo 25. Anakula ugali wa sembe na dagaa mara mbili kwa siku. Manyoya yamefifia na mgongoni anatoa magamba meupe kama mba. Wengi wananishauri nimwekee mafuta ya zeituni, lakini bei yake si mchezo. Naomba ulinganisho wenye vipimo. Mafuta yapi, kiasi gani, na madhara yake ni yapi?

dkt_mifugo_moro:
Mkuu, ngozi ya mbwa inadai kwanza asidi ya linoleiki, ambayo ni omega-6, aina ya mafuta ambayo mwili wake hauwezi kujitengenezea. Mbwa mzima anahitaji takribani gramu 2.8 kwa kila kilokalori 1,000 anazokula. Wa kilo 25 asiyefanya kazi nzito anakula kama kilokalori 1,250 kwa siku, kwa hiyo mahitaji yake ni gramu 3.5 hivi.

Sasa chukua vijiko 2 vya chai, yaani mililita 10, ambazo ni kama gramu 9 za mafuta. Kwenye zeituni utapata linoleiki karibu gramu 0.9 tu, maana sehemu kubwa ya mafuta hayo ni asidi ya oleiki, ambayo mwili wa mbwa unajitengenezea wenyewe. Alizeti ya kawaida inakupa zaidi ya gramu 5. Nazi haifiki hata gramu 0.3.

Kwa hiyo zeituni si sumu na si mabaya, ila kwa tatizo ulilolieleza unalipa pesa nyingi kwa kitu kidogo. Alizeti ya kukamua ya Singida au Dodoma inafanya kazi hiyo vizuri zaidi, na ina vitamini E karibu mara tatu ya zeituni. Kama ni ya dukani, soma lebo: ipo alizeti ya oleiki nyingi, na hiyo kwa ngozi ni sawa tu na zeituni.

Halafu badili sembe iwe dona. Sembe imekobolewa, kiini cha hindi kimeondoka pamoja na mafuta yake.

binti_wa_tanga:
Daktari, huku kwetu nazi ndiyo imejaa na mbwa wanaipenda. Haina faida kabisa?

dkt_mifugo_moro:
Dada, inatia nguvu na inaongeza ladha, basi. Asilimia zaidi ya 80 ni mafuta yaliyoshiba. Anayetaka kumnenepesha mbwa aliyekonda anaweza kuitumia kidogo, lakini kwa magamba usiitegemee.

mfugaji_mwanza:
Naongezea upande wa samaki, maana hapo kuna kitu ambacho zeituni, alizeti na nazi havina: omega-3 za EPA na DHA, zinazopunguza uvimbe wa ngozi na viungo. Kapsuli ya kawaida ya mafuta ya samaki ya miligramu 1,000 huwa na EPA miligramu 180 na DHA 120, jumla 300. Angalia nyuma ya kopo, usihesabu ile 1,000 ya mbele. Kwa kilo 25 anza na kapsuli 1 kwa siku, panda taratibu hadi 2 au 3. Kiwango cha juu kinachohesabika salama kwa uzito huo ni kama miligramu 4,100 za EPA na DHA kwa siku, ila ukifika huko kinyesi huwa kimeshalegea zamani.

Msichanganye na mafuta ya ini la samaki. Yale yana vitamini A na D nyingi, na zikizidi zinalundikana mwilini hadi kuwa sumu.

Dagaa nao wana omega-3, lakini angalia walivyokaushwa. Waliokaa juani siku nyingi mpaka wakawa na rangi ya njano na harufu kali, mafuta yao yameshachacha. Chagua weupe wenye kung'aa, waoshe mchanga, chemsha bila chumvi. Wa chumvi waloweke kwanza na umwage maji.

mlinzi_kibaha:
Nimewaelewa. Sasa namwekeaje hiyo alizeti? Kijiko cha chakula kwa mlo?

mama_kennel_arusha:
Hapana ndugu, huo ni mwingi. Kijiko kimoja cha chakula kina kilokalori 120, karibu asilimia 10 ya chakula chake cha siku. Wewe unataka kuweka viwili?

Siku 4 za kwanza weka nusu kijiko cha chai kwa siku. Kinyesi kikibaki kigumu, panda hadi kijiko kimoja, na baada ya wiki nyingine viwili, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Hapo simama. Mbwa wa kilo 10 anaishia kijiko kimoja cha chai, wa kilo 5 nusu. Ukishafika vijiko viwili, punguza donge la ugali la ukubwa wa yai la kuku, la sivyo atanenepa.

Mimina juu ya ugali uliopoa kiasi, uchanganye. Usimsukumie mdomoni kwa bomba la sindano. Mafuta hayamfanyi akohoe haraka kama maji, yakipitia njia ya hewa yanaleta nimonia mbaya.

Na mafuta yaliyokaangia chipsi au yenye vitunguu, hapana kabisa. Kitunguu kinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa.

dkt_mifugo_moro:
Naunga mkono. Mbwa aliyewahi kuugua kongosho, mnene sana, au wa jamii ya Miniature Schnauzer asiongezewe mafuta bila daktari kumwona. Akianza kutapika, kukataa chakula na kuinama mbele huku makalio yamebaki juu kwa maumivu ya tumbo, acha mafuta na umwahishe kliniki siku hiyo hiyo.

Mlinzi, kabla ya kununua chochote, mchambue manyoya. Akijikuna sana juu ya mkia, tafuta viroboto. Kingo za masikio na viwiko vikitoka magaga, huo unaweza kuwa upele na ngozi ikwanguliwe ipimwe. Magaga kuzunguka mdomo, macho na nyayo ni dalili ya upungufu wa zinki, jambo linalowapata mbwa wa ugali mtupu kwa sababu fitati, kemikali asilia zilizomo kwenye mahindi, zinaishika zinki isifyonzwe. Hapo nyama na maini kidogo ndivyo vitasaidia, mafuta hayatafanya kitu.

binti_wa_tanga:
Na kumpaka zeituni kwenye ngozi?

mama_kennel_arusha:
Yanashika vumbi, naye atayalamba yote.

mlinzi_kibaha:
Nimemkagua, hana viroboto wala magaga usoni, ni magamba ya mgongoni tu. Naanza na dona na alizeti. Matokeo nitegemee lini, na kapsuli nimpe nzima?

mfugaji_mwanza:
Wiki 6 hadi 8 ndipo ngozi mpya inaonekana. Usianze vyote siku moja. Alizeti kwanza, kapsuli baada ya wiki 2, ili akiharisha ujue kilichosababisha. Kapsuli itoboe kwa pini, kamulia kwenye chakula na unuse: ikinuka kama rangi ya mafuta, imechacha, tupa kopo zima. Alizeti weka kwenye chupa ndogo ya rangi nyeusi, kabatini, mbali na jiko.