Naenda kuonja waini za asili kwa mkulima mdogo Beaujolais, nijiandaeje?

mtoto_wa_kurasini

Wakuu habari za saa hizi. Mwezi wa tisa Mungu akipenda nitakuwa Ufaransa, mji wa Lyon, kwa dada yangu kaolewa huko. Shemeji ni mtu poa sana ila kwenye waini hana utani, ameshapanga Jumamosi moja tuende Morgon, huko Beaujolais kaskazini mwa Lyon, kwa mkulima mmoja mdogo anayetengeneza zile wanaita waini za asili, mtindo wa kizamani, hana kiwanda wala nini, ana shamba lake la mizabibu, banda la mapipa na kachumba ka kuonjea basi.

Sasa wakuu mimi waini ninayoijua ni ya Dodoma, ile nyekundu tamu, tena na barafu. Sitaki kumtia dada aibu. Naombeni mnisaidie: ukifika unaonja tu unaondoka au lazima ununue? Naona kwenye video watu wanatema, hivi na mimi niteme? maana kwetu ukikaribishwa kitu ukakitema mbele ya mwenyeji hapo mmeshakosana. Halafu shemeji anasema nyingine zina ukungu, zina vigesi, zinanuka kidogo, eti ndo kawaida yake, sasa kawaida inaishia wapi na mbovu inaanzia wapi? La mwisho, ni kweli hizi hazipigi hangover kwa vile hazina kemikali? Nataka nirudi na chupa kadhaa Dar, za bosi na za nyumbani.

Lushois_wa_Villefranche

Jambo ndugu. Mi kwetu Lubumbashi lakini nakaa Villefranche, ndani kabisa ya Beaujolais, na wakati ya vandanji naendaka kukata zabibu kwa wakulima wa huku, kwa hiyo iko kitu najua. Ya kwanza, shemeji aliuliza kama huyo mkulima anapokea watu mwezi wa tisa? Ndiyo mavuno yenyewe hiyo, mwaka wa joto wanaanza hata mwisho wa mwezi wa nane, na huku zabibu zinakatwa na mikono, mwenye nyumba hana hata muda ya kula. Karibu wote hawa wadogo ni kwa randevu. Mupige simu mbele, musifike tu kugonga mlango.

Lakini akikubali uko na bahati kuliko yule anafikaka mwezi wa pili na kukuta mapipa yamenyamaza. Utaona kazi. Zabibu hapa kwa waini nyekundu ni aina moja tu, Gamay, na haipondwi kwanza. Vichala vinaingia vizima kwenye tangi pamoja na vijiti vyake, wanafunika, gesi ya kaboni inajaa, na zabibu inaanza kuchacha ndani ya ganda lake yenyewe. Vichala vya chini vinapasuka kwa uzito ya vile vya juu, juisi inatoka kidogo kidogo. Kisha siku kadhaa wanatoa vile vichala wanakamua, na ile juisi ya kwanza ya kukamua wanaiita paradis. Nyekundu ya kung'aa, tamu, bado inachacha. Wanakupa kwa ka-glasi, umesimama pale pale sakafu inateleza, mikono inanata, nyigu wanakuzunguka kichwa. Kunywa kidogo tu! Hausikii pombe mdomoni lakini iko ndani, na usiku tumbo litakuuliza maswali.

Kutema si dharau, toa wasiwasi. Iko ndoo pale mezani, na mwenyewe mkulima anatemaka chini kwenye changarawe bila kuangalia. Dharau ni kujaza manukato, hiyo usifanye kabisa, chumba ni kidogo, ukiingia na pafyumu ya nguvu hakuna mtu atasikia harufu ya waini tena. Na yule anaendesha gari ateme zote, sheria hapa ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, mwenye leseni mpya 0.2, na polisi wanajua vizuri hizo barabara za waini. Ama mupande treni pale Lyon Part-Dieu mushuke Belleville, kisha taksi, Villié-Morgon si mbali.

Kununua: hakuna mtu atakushika. Wengine wanalipisha euro kidogo ya kuonja na wanaitoa kama umenunua. Lakini mtu amefungua chupa tano na ameacha kazi yake kuongea na wewe saa nzima, chukua hata mbili. Morgon ya mkulima mzuri ni euro 15 mpaka 25 hivi.

binti_hombolo

Umejibiwa vizuri sana hapo juu, mi niongezee upande wa waini yenyewe maana niko kwenye zabibu huku Dodoma na hili suala la "asili" watu wanalichanganya.

Muda mrefu neno hilo halikuwa na sheria nyuma yake, kila mtu alijiitia. Mwaka 2020 ndo Ufaransa wakaikubali alama ya vin méthode nature: zabibu ziwe za kilimo hai, zivunwe kwa mkono, ichache kwa hamira yake yenyewe ile iliyoko kwenye zabibu na kwenye banda, usiongeze kitu, na salfaiti, yaani ile dawa ya salfa ya kuhifadhi waini, isizidi miligramu 30 kwa lita. Linganisha na waini nyekundu ya kawaida ya Ulaya inayoruhusiwa mpaka 150, na nyekundu ya kilimo hai 100. Na sifuri kabisa usiitegemee sana, kwa sababu hamira yenyewe huwa inatoa salfaiti kidogo wakati wa kuchacha. Ikizidi 10 tu chupa lazima iandikwe kwamba ina salfaiti.

Kwa hiyo kaka ukitaka kuielewa kirahisi fikiria mnazi. Mgema hatii hamira ya dukani, unachacha wenyewe tangu ukiwa juu kule, asubuhi mtamu, jioni mkali, kesho kutwa unaungia samaki kama siki. Huyo mkulima wa Morgon kazi yake yote ni kuizuia ile "kesho kutwa" isifike, bila kutumia dawa. Ndo maana waini ya asili ikiwa nzuri ujue kuna mtu kachagua zabibu mezani kichala kwa kichala, kaosha tangi mpaka kachoka. Jules Chauvet, aliyewafungua macho watu wa Morgon, alikuwa mtu wa kemia, sio mtu wa kuacha mambo yajiendee. Miaka ya 1980 wakulima akina Marcel Lapierre na wenzake Foillard, Thévenet na Breton wakachukua ile elimu yake wakairudisha shambani, wakati huo Beaujolais nzima inakimbizana na ile waini changa ya Alhamisi ya tatu ya Novemba, inayotengenezwa haraka haraka ikauzwe dunia nzima. Wao wakarudi kwenye vilima vyao, mizabibu mizee, bila haraka.

Hangover: hapana. Morgon ni asilimia 12.5 mpaka 14 hivi, ukinywa chupa nzima utaamka nayo. Salfaiti inasingiziwa sana, matunda makavu kama zile aprikoti za Kituruki za rangi ya chungwa yanakuwa nayo nyingi kuliko waini na sijasikia mtu kaamka nayo kichwa. Ila mwenye pumu awe makini, hao kweli inawasumbua.

Ukungu ni kwa sababu haijachujwa. Vigesi ni kaboni wameiacha makusudi iilinde waini badala ya salfa, mwagia kwenye jagi utikise kidogo vitaondoka. Na usitafute jina la zabibu kwenye lebo, wazee wa Ulaya wanaandika mahali, Morgon basi, wewe unatakiwa uwe unajua kwamba hapo ni Gamay.

msee_wa_ngong

Wadau niruhusiwe kupinga kidogo. Mimi nafanya kazi hotelini Nairobi upande wa baa na nimeonja hizi natural za kutosha, na nusu ya zile nimeonja zilikuwa zimeharibika, afadhali tuseme ukweli. Mtu anakuuzia kitu inanuka zizi la farasi anakuambia ni "tabia ya udongo". Udongo gani jameni. Hakuna udongo unanuka rangi ya kucha.

@mtoto_wa_kurasini uliuliza mbovu inaanzia wapi, mimi nakupa yangu. Ikikukwaruza koo na harufu ya siki imetangulia matunda, hiyo imeenda. Rangi ya kucha, imeenda. Zizi kidogo kwa mbali, hapo ni wewe, kuna watu wanapenda, mimi hapana. Lakini ile mbaya kushinda zote hutaisikia puani hata ukiingiza uso mzima kwa glasi: ni ladha ya panya. Unakunywa, unaona iko sawa, unameza ama unatema, halafu baada ya sekunde kumi, kumi na tano hivi, mate yako yakishachanganyika nayo, inapanda nyuma ya ulimi harufu ya kizimba cha panya ama bisi zilizolala. Ni asidi ya waini ndio inaificha, mate yakiipunguza inajitokeza. Na si kila mtu anaisikia, unaweza kuwa unakunja uso na jirani yako anasema wow. So kwa kila glasi ngoja kidogo kabla ya kusema "nzuri sana", usikimbilie ya pili.

Na ukipata mbovu usimwambie mkulima mbele ya watu, lakini pia usijilazimishe kusifu kwa sababu shemeji anatingisha kichwa.

binti_hombolo

@msee_wa_ngong kwenye panya tuko pamoja, ile haina utetezi. Ila nusu ni nyingi bwana. Na hapo umeonja Nairobi, imeshapita meli, bandari, stoo ya mtu. Chupa hiyo hiyo ungeionja pale banda inapotoka ungenyamaza.

msee_wa_ngong

Hapo umenishika, hiyo ya safari ni kweli. Lakini kama kitu haiwezi safari basi isiuzwe mbali kwa bei ya safari.

ustaadh_mpole

Pombe ni pombe tu, iwe ya asili iwe ya maabara. Vijana mkirudi mtuletee zabibu zenyewe.

mtoto_wa_kurasini

Aisee wakuu asanteni, shule kubwa hii. Nimemtumia shemeji ujumbe, kumbe kweli alikuwa hajapiga simu, yeye alipanga kichwani tu 😂 amepiga jana, mkulima kasema tuje Jumamosi jioni wakimaliza kukata, tutawakuta wanakamua. Ustaadh nitakuletea zabibu kavu.

Sasa nibaki kwenye lile la kubeba. Nilikuwa na hesabu ya chupa sita, mbili za bosi, nyingine sendoff ya mdogo wangu. Naunganisha ndege Addis halafu Dar. Itafika?

binti_hombolo

Sita hapana. Kwanza forodha, Afrika Mashariki yote mtu mzima anaruhusiwa lita 2 za waini bila ushuru, chupa mbili za kawaida ni lita moja na nusu, ya tatu umeshavuka na utalipia. Na ziende kwenye begi la chini, la mkononi hazipiti, mwisho mililita 100.

Pili ndo kubwa zaidi: joto. Waini isiyo na salfa kabisa wenyewe wanashauri ikae chini ya nyuzi 14. Wewe unaitoa hapo unaipeleka Dar, inakaa kabatini na umeme ukikatika hata feni hakuna, hamira zilizobaki zinaamka, kama kuna sukari kidogo imebaki inachacha upya, kizibo kinasukumwa, au ndo yule panya wa jamaa wa Ngong anazaliwa humo humo kwenye kabati la bosi wako. Huku Dodoma kuna watu wananiuliza mbona msitengeneze bila salfa kama Wafaransa, mi nawaambia sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka, zabibu inaiva kwenye joto, asidi inashuka mapema, na waini yenye asidi ndogo haina ulinzi wake yenyewe. Makutupora ni zabibu nzuri ila haitaki majaribu ya hivyo bila banda lenye ubaridi.

Unachoweza kufanya, muulize mkulima kama ana aina mbili. Baadhi wanazo, hata nyumba ya Lapierre hutoa yenye salfa kidogo na isiyo nayo kabisa, wanatofautisha kwa herufi S na N kwenye chupa. Ile ya N inywe huko huko na dada yako. Ya S chukua mbili, zifunge kwenye nguo katikati ya begi, ukifika ziweke friji siku hiyo hiyo, zisikae mpaka sendoff. Na uinywe ya baridi baridi, nyuzi 13 mpaka 15, sio barafu lakini sio joto la sebuleni Kurasini pia.

Lushois_wa_Villefranche

Iko vile. Na muvae viatu vya kuchafuka. Mkulima akikupa pipeti, ule mrija wa kuvuta waini kwa pipa, na kukuambia uonje, mwaka haujaisha na waini hiyo bado mtoto, itakuwa kali, usiihukumu. Muulize tu inatoka kipande gani ya shamba, Côte du Py, kile kilima cha Morgon, ama ngambo ingine, hapo atafurahi na hatanyamaza tena. Akiwa na nafasi muulize pia kuhusu mtawala wa Burgundy, Philippe le Hardi, aliamuru Gamay ing'olewe mwaka 1395 akisema ni zabibu mbaya. Huku wanapendaka sana kueleza hiyo.

mtoto_wa_kurasini

Basi nimeelewa. Mbili za S, sendoff wanywe soda, na bosi namletea chokoleti, yeye mwenyewe kila siku anasema waini zote zinafanana.