Ekseli ya nyuma ya Hilux ya zamani: sili peke yake, beringi mpya, au hafu shafti ya mtumba?

Dereva wa Busia
Habari zenu, ndugu. Ninayo Hilux ya dizeli ya miaka ya 1990, yenye injini ya 2.8 na magurudumu manne yanayovuta, ambayo huleta mahindi Busia kutoka Bugiri na Iganga. Gurudumu la nyuma upande wa kushoto limeanza kunguruma, na mngurumo huo huongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka. Dramu ilipofunguliwa, shuu za breki zilikuwa zimelowa mafuta mazito meusi. Fundi wa hapa amenipa njia tatu: kubadilisha sili ya ndani (mpira unaozuia mafuta ya ekseli yasivuje) peke yake, kununua beringi mpya, sili zote mbili na pete ya kushikilia beringi, kisha kupeleka hafu shafti (chuma kirefu kinachozungusha gurudumu) kwenye presi, mashine ya kung'oa na kusukumia beringi, au kununua hafu shafti ya mtumba iliyokamilika, beringi ikiwa mahali pake. Kwa kuwa sheria ya Uganda ya 2018 ilizuia kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi, sitegemei kupata nyingine kama hii, hivyo nataka kazi itakayodumu. Mngechagua ipi, na kwa sababu gani?

Fundi Ndeeba
Ndugu, kwanza hakikisha mafuta hayo ni ya nini, kwa sababu silinda ndogo ya breki nayo huvujia ndani ya dramu hiyohiyo. Paka kidogo kwenye kidole, kisha suuza kwa maji matupu: mafuta ya breki huchanganyika na maji na kuondoka, ilhali gia oili, yaani mafuta ya ndani ya ekseli, hung'ang'ania, na harufu yake ya kiberiti hubaki hata baada ya kupangusa. Kwa jinsi ulivyoeleza, naamini ni gia oili.

Njia ya kwanza inavutia watu kwa sababu ya kweli kabisa. Katika ekseli ya Hilux za umri huo, ukishafungua nati nne zilizo nyuma ya bamba la breki na kuvuta hafu shafti, sili ya ndani unaikuta wazi kwenye mdomo wa ekseli, na huhitaji presi kuibadilisha. Lakini sili hiyo ina mdomo wa mpira uliotengenezwa kuibana shafti inayozunguka mahali pamoja. Beringi ikishalegea, shafti hucheza juu na chini kila gurudumu linapoingia shimoni, na mpira huliwa upande mmoja hadi mafuta yapate njia. Ukiweka sili mpya huku beringi ikinguruma, utarudi gereji kabla msimu wa mahindi haujaisha.

Mimi ni wa njia ya pili. Fahamu tu kwamba bamba zima la breki hutoka pamoja na shafti, kwa hiyo paipu ya breki na kebo ya hendibreki lazima zifunguliwe, na mwishoni breki zitolewe upepo. Fundi asiyekutajia hilo mapema atakutajia siku ya kudai malipo.

Mama Kapchorwa
Mimi si fundi, ila ninamiliki pikapu zinazoshusha viazi na kabichi hadi Mbale, na ninaona njia ya tatu inadharauliwa bure. Si kila mtu anaishi karibu na presi. Shafti ya mtumba hufungwa siku hiyohiyo kwa spana za kawaida, na gari linarudi kazini. Mnunuzi anachopaswa kufanya ni kuzilaza shafti mbili bega kwa bega, ya zamani na ile anayonunua, kisha alinganishe urefu, idadi ya meno na matundu ya stadi (boliti za gurudumu), kwa kuwa Hilux ya magurudumu mawili yanayovuta kwa kawaida ina stadi tano na ile ya manne ina sita. Halafu aizungushe beringi polepole kwa vidole. Ikikwaruza hata kidogo, airudishe.

Fundi Ndeeba
Dada, nakubaliana nawe kuhusu dharura, na mwenye nafasi aiweke shafti kama hiyo stoo. Tatizo ni kwamba vidole havielezi beringi imekaa miaka mingapi kwenye mvua ndani ya yadi. Na huwezi kuitoa ukaitazama ndani kisha ukairudisha, kwa sababu presi inapoing'oa, nguvu yote hupitia kwenye gololi zake na kuzitia alama. Beringi iliyong'olewa kwa namna hiyo haifai tena.

Msafiri wa Arua
Ninyi nyote mnazungumzia sili, na hakuna aliyetaja kipumulio, kile kifuniko kidogo kilicho juu ya ekseli. Kwenye barabara zetu za udongo mwekundu huziba kabisa. Ekseli ikipata joto, hewa ya ndani hutanuka, ikikosa pa kutokea huisukuma oili kupita kwenye sili. Ukiingia kwenye maji ekseli ikiwa moto, hewa hiyo hupoa ghafla na kuvuta maji ndani kupitia sili hizohizo, na ndipo oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Kifungue, kioshe kwa dizeli, au bora zaidi unganisha mpira mrefu uupandishe hadi chini ya bodi. Angalia pia kiwango cha oili ya difu, yaani gia za katikati ya ekseli: gari likiwa mahali tambarare, oili ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia na isizidi hapo, maana oili iliyozidi nayo hutafuta mlango.

Mzee wa Mbarara
Naomba wasomaji wengine wasichukue maelezo haya kwa kila pikapu. Land Cruiser nyingi za kazi za toleo la 70 zina beringi mbili za koni ndani ya habu, zinazopakwa grisi na kukazwa kwa nati, na shafti yake huvutwa bila hata kutoa gurudumu. Baadhi ya Nissan za zamani hutumia beringi ya koni yenye vibati vya kurekebisha uchezaji. Hizo hazihitaji ushauri huu.

Dereva wa Busia
Nashukuru sana. Leo gari limepandishwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi, nami nikalishika gurudumu juu na chini na kulisukuma: upande wa kushoto linacheza waziwazi, upande wa kulia limetulia na ni kavu. Mafuta hayakutoka kwa maji. Nimeamua njia ya pili. Yamebaki maswali mawili: je, nibadilishe na upande wa kulia, na nikifika Kisekka, soko la vipuri la Kampala, nitajuaje beringi ya kweli?

Fundi Ndeeba
Upande wa kulia, ukiwa mkavu na hauchezi, uache, isipokuwa shuu za breki, ambazo lazima zibadilishwe pande zote mbili. Zile zilizolowa usizioshe kwa petroli ukazirudisha. Oili imeshaingia ndani, na breki zikipata joto itatoka tena, gari livute upande mmoja.

Kisekka nenda na beringi ya zamani mkononi. Beringi ya Koyo, NSK au NTN ina jina na namba vilivyochorwa safi kwenye chuma chenyewe, hivyo boksi lisikushawishi. Linganisha namba, kisha izungushe: mpya huenda kwa uzito laini wa grisi, haichezi wala haina mlio. Pete ya kushikilia nunua mpya bila mjadala, kwa kuwa ya zamani ikishatolewa haishiki tena kama inavyopaswa.

Kwenye presi simama pale pale. Bamba la breki na nyumba ya beringi yenye sili ya nje vitangulie kwenye shafti kabla ya beringi; vikisahauliwa, beringi mpya italazimika kung'olewa, na umeshasoma hapo juu maana yake. Presi isukume pete ya ndani ya beringi tu. Ukiona nyundo inanyanyuliwa, chukua shafti yako uondoke. Mahali sili ya ndani inapokalia pitisha ukucha juu ya shafti: ukihisi mfereji, sili mpya itavuja hata beringi ikiwa nzima, na hapo ndipo shafti ya mtumba ya dada wa Kapchorwa inapopata kazi, lakini ivishwe beringi mpya.