Mwanangu anataka udereva wa mbio kama Gordon Shedden. Niweke nyumba rehani?

BabaSele
Wakuu, salaam. Kwetu Tanga, ila huu mwaka wa 14 naishi Dunfermline, Scotland. Kijana wangu ana miaka 16. Anaendesha gokati (vigari vidogo vya mbio) tangu ana 9, vikombe vimejaa sebuleni. Sasa anataka kuacha shule aingie mbio za magari ya saluni, yaani magari yenye umbo la yale ya kawaida ya barabarani. Asubuhi Gordon Shedden, jioni Gordon Shedden, kwa kuwa ni mtu wa huku huku Fife: bingwa wa Uingereza wa mbio hizo 2012, 2015 na 2016, mara zote kwa Honda Civic. Msimu mmoja wa vijana unameza zaidi ya mshahara wangu wa mwaka. Mama yake hataki kusikia. Mimi nimeshachukua fomu za benki. Nishaurini, usingizi sipati.

Fundi_Leith
Kaka, hizo fomu zirudishe. Mimi ni fundi gereji, na kila msimu naenda Knockhill, uwanja wa mbio wa hapo Fife. Shedden alianza BTCC, hayo mashindano ya ubingwa wa Uingereza, 2006 akiwa na miaka 27. Ubingwa wa kwanza ulimfikia miaka sita baadaye, na kazi yake nyingine ilikuwa hapo hapo Knockhill. Mwanao ana miaka 16, anakimbizwa na nani?

MamaZuu
Baba Sele mdogo wangu, nyumba hiyo ni ya watu wawili. Mkeo asipokubali, usitie saini hata kama benki imekubali. Nimelea wanne. Ukimkatalia kijana bila kumpa njia, ataondoka moyoni hata kama bado analala kwako. Mpe njia.

Mkaazi_Borders
Naongezea kwa Mama Zuu. Mwonyeshe John Cleland, Mskoti mwingine wa mbio hizo hizo. Bingwa 1989 kwa Vauxhall Astra, tena 1995 kwa Cavalier, na muda wote alikuwa na biashara yake ya kuuza magari. Na marehemu David Leslie, Mungu amrehemu, alishika nafasi ya pili 1999 kwa Nissan Primera akiwa na miaka 45! Yeye na baba yake ndio waliowalea kina David Coulthard na Allan McNish, waliokuja kuwa madereva maarufu, wakiwa vijana wadogo. Siku hizo mtoto alijifunza gari kwa mikono kabla ya kulikalia.
Halafu mweleze kwamba kasi peke yake haitoshi. Enzi za Shedden aliyefanya vizuri alibebeshwa uzito wa ziada mbio inayofuata, na siku moja ina mbio tatu. Ubingwa wa 2016 aliupata kwa pointi 2 tu. Dereva wa namna hiyo lazima ajue matairi na hesabu. Shule inamfaa sana.

BabaSele
Nimewasomea wote wawili, mama na mtoto. Kijana alinyamaza muda mrefu, akauliza kama ni kweli Leslie alikuwa na miaka 45. Amekubali kumaliza shule, mradi Jumamosi awe karibu na magari. Fomu nimechana. Fundi, unaweza kumpokea?

Fundi_Leith
Mlete. Nina rafiki mwenye timu ndogo, ataanza kwa kufuta rimu na kupima upepo wa matairi. Saa moja asubuhi getini Knockhill. Buti za kazi na sweta mbili, pale juu baridi haina huruma.

BabaSele
Mama yake ameuliza mtakula nini. Anawafungia sambusa.